Toa Uzito wa Gunia

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Kitangari.
Kuanzia Oktoba mpaka mvua ziharibu barabara
napima korosho za watu, natoa kilo moja ya gunia,
naandika kilichobaki.
Kwa hiyo nani tajiri hapa, najua mpaka robo.

Ila mwaka jana aliniuliza mwalimu Soyoni,
binti wa Kikorea anayefundisha hisabati sekondari,
alipoleta wanafunzi ghalani wajifunze wastani.
"Hapa tajiri ni nani?"
Nikamrudishia swali kama gunia lenye unyevu:
anza wewe, kwenu.

Akacheka. Kwao, alisema, watu wana orodha vichwani:
nyumba ghorofani, vyumba vitatu, isiyo na mkopo;
gari, na lisiwe dogo;
akiba benki yenye sifuri, akazichora vumbini kwa kidole
mpaka akafika kwenye kandambili yangu.
Baba yake yuko ghorofa ya kumi na nne, gari analo,
na bado anajihesabu wa chini.
Dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine.
Wenye hela wanatazama mto.
"Mto una bei?"
"Kila dirisha."

Nikawaza. Kutoka Shimo la Mungu, pale Newala,
yeyote anaiona Ruvuma bure, hata mlevi,
lakini macho hayachoti.
Sisi mto tunaununua kwa ndoo,
na Septemba ndoo inapanda bei bila kuaga.

Basi nikamwambia.
Watoto watakutajia Mfaume na pikipiki zake mbili.
Msimu ukiisha moja inauzwa, nyingine inalala bila mafuta.
Wapo waliocheza unyago siku tatu, spika mpaka alfajiri,
kanga zikamwagwa kama makapi,
na Februari wakaja kwangu kukopa chumvi.
Sisemi walikosea. Siku tatu nazo ni mali,
sema hazipandi mizani.

Mimi ningeanza na bati.
Si kwa kung'aa. Bati lina koo:
mvua ikinyesha linameza, linatema kisimani,
na mwenye kisima uwandani kwetu
hasalimiwi kama wewe na mimi.

Halafu nikashusha sauti, maana Likumbo alikuwa mlangoni,
na kila mtu anajua Likumbo ni wa kangomba.
Mei anapita na bakuli lake,
mtoto wako anaumwa, karo inadaiwa,
anakununulia korosho zikiwa bado maua.
Oktoba unazileta mwenyewe, kichwani mwako,
zinapimwa kwa jina lake.
Mwalimu, tajiri ni yule ambaye Mei ilimpita
na hakufungua mlango.

Hakuandika. Alifuta sifuri zake kwa unyayo,
moja akaiacha, sijui kwa nini.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa Jumatano.
Nilisikia bati la Bi Somoe Nampota likipiga kelele kijiji kizima,
mjane, mikorosho kumi na saba,
kwenye daftari langu yuko ukurasa wa mwisho.
Kulipokucha mfuniko wa kisima ulikuwa wazi,
na yeye ameketi kando, kikombe cha uji mkononi,
anawagombeza wanaosukumana.
Hela hakuitaja.
Foleni ilifika ghalani. Mke wa Likumbo alikuwemo.
Mwalimu Soyoni alikuwa wa tisa,
suruali imekunjwa magotini, ndoo ya bluu.

Akapita kwangu. "Nipimie," akasema, kwa utani.
Nikaipandisha. Ishirini na moja na nusu.
Nikashika kalamu kwa mazoea,
nitoe uzito wa chombo,
kalamu ikakaa hewani.
Ndoo ilikuwa ya Bi Somoe.
Maji yalikuwa ya Bi Somoe.
Nyuma yetu mtu akapiga mluzi tusogee.