Kadi ya Kliniki ya Mkorosho

Jokofu la chanjo lilipokufa pale zahanati
waliamuru kila kilichomo kitupwe.
Nikakificha kipimajoto mfukoni mwa aproni,
nikastaafu nacho.
Sasa kinaning'inia kwa kamba ya katani
kwenye mkorosho wa tatu kutoka chooni,
alioupanda marehemu Chinduli
mwaka tuliohamia Newala.

Saa kumi na moja alfajiri: kumi na nne.
Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umeuvuka ukingo bila hodi,
umejaa uani, siuoni hata mlango wa banda.
Kuku wamegoma kutoka.
Nimejifunga kitenge juu ya kitenge
na soksi za Chinduli,
moja ina tundu kwenye kidole gumba.

Saa nane mchana: ishirini na saba.
Soksi ziko kambani. Mchanga unachoma.
Nani ataniamini nikisema asubuhi nilitetemeka?

Naandika nyuma ya kadi za watoto,
zile zilizobaki bila jina.
Penye uzito naandika umande.
Penye chanjo naandika salfa.
Miaka thelathini na mmoja nimepima watoto,
naijua homa hii:
alfajiri anatetemeka, mchana anawaka,
jioni anacheka, anaomba muhogo,
na mama anafunga mbeleko, amepona huyu.
Hajapona, mama.
Kaa hapo kwenye benchi.

Mdogo wangu Nampota anafundisha Makete.
Jana kapiga simu, meno yanagongana:
"Dada, sakitu imelala juu ya viazi.
Nyasi zinavunjika chini ya kiatu kama chupa.
Jana majani mabichi, leo meusi,
yameungua na hakuna aliyewasha moto.
Nyie huko kwenye minazi mnaijua baridi?"

Minazi! Amesahau alikozaliwa huyu.

Nikamwambia, na huku kuna weupe.
Hauvunjiki. Hausikiki ukikanyagwa.
Unakuja kimya kwenye shada la maua
kama unga uliopulizwa na mtoto mtundu;
ukiufuta kwa kidole, keshokutwa umerudi.
Ubwiri unga. Unayapenda yote ninayoyachukia:
usiku wa baridi, ukungu mzito,
mchana unaojifanya hakuna kilichotokea.
Sakitu yako, Nampota, inaua usiku mmoja,
asubuhi mnahesabu hasara, mnalia, mnalala.
Huu wangu unaua kwa zamu, ua kwa ua,
na mimi niko macho, nautazama.

Akanyamaza. Salio likamwishia, au maneno.

Ligwanga aliahidi kuja na bomba la kukodi
kabla upepo haujaamka, majani yangali na umande.
Akafika saa tatu,
kaanza shambani kwa mwenyekiti wa chama.
Upepo ukaipokea salfa yangu kwa mikono miwili
ukaipeleka kwa Bi Mwanaidi,
ambaye hakutoa hata senti.
Mikorosho yake leo inanuka kiberiti
kuliko yangu.

Basi leo sikumngoja mtu.
Saa kumi na moja: kumi na tatu na nusu.
Nilivua soksi yenye tundu,
nikaijaza salfa iliyosalia kwenye kopo,
nikapanda juu ya kinu, mguu mmoja peku,
nikaitikisa juu ya kila shada ninaloweza kulifikia.
Poda ya njano ikashuka polepole penye tundu,
pale pale palipokuwa kidole gumba chake.
Nikapiga chafya. Nikacheka.
Sijui jirani aliwaza nini.

Matawi ya juu sikuyafikia.
Huko atajua Mungu na Ligwanga.

Chini, upande wa chooni, shada moja limefunguka,
maua madogo yenye mistari ya waridi,
na nyuki mmoja mzito kwa baridi
anatembea badala ya kuruka.

Nimeandika kwenye kadi:
Mgonjwa amepokea dawa, nusu dozi.
Joto linapanda na kushuka.
Arudi baada ya siku kumi na nne.
Nikakata mstari.
Arudi kesho.