Tundu la Redio

Kombi hili lina umri wa dada yangu mkubwa
na kama yeye, halipendi kuulizwa.
Juu rangi ya maziwa, chini jani la mpera,
kitanda cha kukunjua, sinki ya kuoshea vikombe viwili,
mapazia niliyashona mwenyewe kwa masalio ya foronya.

Redio ilikufa mwezi wa Rajabu.
Haikukohoa, haikuaga.
Ilizima tu darajani Nyali
katikati ya bei ya vitunguu.

Dukani kwa Jiten, nyuma ya Barabara ya Digo,
ya kwanza ilikuwa na kioo kipana kama sinia ya biriani.
Yaonyesha ramani, yaonyesha nyuma ya gari,
yaonyesha, akaapa Jiten, hata picha za harusi.
"Ila dashibodi tutaikata kidogo."
Kidogo. Akapima kwa vidole, na vidole vikazidi kufunguka.

Ya pili yang'aa buluu, kisha zambarau, kisha buluu,
kama jukwaa la bi harusi wa Kisauni.
Nikamwambia: mimi naendesha, sisomwi nyota.

Ya tatu niliiona mwenyewe, rafu ya chini,
boksi limebabuliwa na jua:
vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande,
namba nyeupe zimejipanga mstari mmoja,
na ndani yake bluututhi, mlango wa flashi, wati hamsini mara nne.
Kijana aliyevaa koti la babu.
Bei, toba: elfu ishirini na nne, bila spika.

Nikaomba siku tatu.

Mwachofi, fundi wa umeme wa Makupa, aliniuliza kwanza,
kama daktari aulizavyo kundi la damu:
"Volti sita au kumi na mbili?"
Sikujua. Akafunua betri. Kumi na mbili, alhamdulillahi.

Mwanangu Mbwana akataka kioo.
Tukagombana mpaka chai ikapoa.
Dashibodi ya babako haikatwi, nilisema,
kwa sauti ambayo siitumii hata msibani.
Marehemu aliliacha gari bila mkwaruzo.

Siku ya tatu Mwachofi akaing'oa redio kuukuu.
Nyuma yake: vumbi, maganda ya korosho,
risiti iliyofutika yote isipokuwa neno Likoni,
na tundu.

Si tundu la kiwandani.
Tundu la msumeno, limepinda upande wa kushoto,
kingo zimekunjwa kwa nyundo,
zikafichwa kwa fremu nyeusi ya plastiki
niliyoipangusa miaka thelathini
nikidhani ilizaliwa hapo.

Alikata.
Yeye, aliyenifokea kwa kubamiza mlango.
Alikata ili kaseti ziingie, asiniambie,
na kaseti zile nilizipenda mimi.

Nikacheka hadi Mwachofi akaweka bisibisi chini.

Basi sasa kioo kingeingia pasipo tone la damu.
Mbwana alikwishampigia Jiten.
Nami nikachukua yenye vifundo.
Si kwa heshima ya mtu.
Jua la saa saba likigonga dashibodi, sisomi kitu,
lakini mkono wangu wa kushoto wajua kuzungusha,
hata gizani, hata kwenye mashimo ya kwenda Kilifi,
bila kuliomba jicho ruhusa.

Ile fremu haikuenea tena.
Kushoto pamebaki mwanya wa kupitisha ukucha.
Mwachofi akatoa silikoni auzibe.
Acha, nikamwambia.

Jioni tukaiwasha. Sauti safi,
hata msoma habari alipovuta pumzi tulimsikia.
Kisha nikaingiza gia ya tatu, na injini,
inayokaa nyuma kama mkwe asiyetaka kusahauliwa,
ikameza habari, wati mia mbili,
na elfu ishirini na nne zangu.

Mbwana akanyoosha mkono kupandisha sauti.
Nikaushika.
Ngoja tufike, nilimwambia kwa kelele,
tutaisikia tukisimama.