Sukuma Mpaka Kilie

Feni inazunguka. Taa ya kijani inawaka.
Kioo ni cheusi ti,
kama dirisha hili la chumba cha chini
ambalo theluji ya Winnipeg imelifukia tangu Jumanne.

Vijiti viwili vya kumbukumbu, dola arobaini na tano,
vya mkononi, kwa mwanafunzi mmoja
aliyeapa mara tatu kwamba ni vizima.
Nilivipachika kwa ncha za vidole,
nikashusha pumzi, nikabonyeza.
Mashine ikalia: pii, pii, pii. Ikanyamaza.
Pii, pii, pii.
Kama mgeni mlangoni aliyesahau jina la mwenye nyumba.

Nikabadilisha waya wa skrini.
Nikachomoa kijiti kimoja, nikaacha kimoja.
Nikarudisha vile vya zamani, navyo vikagoma!
Hapo ndipo jasho liliponitoka,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nikasugua meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli,
nikigusa bomba kwanza,
maana hewa hii kavu huficha cheche kwenye soksi.
Nikang'oa hata ile betri bapa kama sarafu,
nikahesabu hadi sitini, kwa Kiswahili,
nisije nikakosea.

Kesho saa tatu asubuhi nina usaili wa video.
Ghala la matairi, zamu ya usiku.

Nikapanda kumgongea Rodelio,
fundi wa majokofu ya hospitali.
Akashuka na ndara zake,
akachungulia, hakugusa kitu.
"Unaogopa," akasema. "Sukuma mpaka kilie.
Huku, na huku."

Mimi niliyelelewa kwamba cha ghali hushikwa kama yai!
Nikasukuma kama siku ile ya sanduku jekundu,
dada yangu Mwanasiti kalikalia, anacheka,
nami nimepiga magoti nikisaka komeo la pili.
Ta.
Ta.

Kioo kikapepesa, kikafunguka.
Na chini, pembeni, tarehe:
Januari mosi, elfu mbili na kumi na mbili.
Betri ilipotoka, saa ilirudi ilikozaliwa,
mwaka ambao nilikuwa sijaijua theluji,
mwaka ambao Mwanasiti bado anapokea simu.

"Irekebishe," Rodelio akasema,
"la sivyo mtandao utakugomea."
Nikasema naam.
Nikasema ngoja kidogo.
Chai yake ikapoa mezani,
na mshale wa kipanya
umesimama palepale juu ya mwaka.