Wino wa Muhuri

Sina kichwa. Nimekitafuta.
Shingo inapanda, inakuwa moshi, basi.
Kaudha, nikamwambia, ulinisahau?
Akacheka: Baba mdogo, ulipokuwa unapiga,
kichwa chako wewe ulikiona wapi?

Karatasi ni bango la chanjo, kaligeuza nyuma.
Wino ni wa muhuri wa ofisi anakofanya kazi, Busembatia,
kauzimua kwa chai ya rangi,
kachora kwa unyoya wa kanga
na, pale alipokasirika, kwa kidole gumba.

Vipande vya embaire
havikulala juu ya migomba kama tulivyovilaza.
Vimesimama, vimeachana,
meno ya mtu anayepiga kelele usingizini.
Na lile shimo chini yake
(tulilichimba asubuhi, kina cha goti,
udongo mwekundu, minyoo, kigae cha chupa)
kalijaza zambarau juu ya zambarau
mpaka ikawa weusi, mpaka karatasi ikalegea,
ikatoboka. Tia kidole: unatokea upande wa pili
kwenye bega la mtoto anayechanjwa.

Wamemsema sana.
Namukose wa duka kauliza, hawa ni watu au senene?
Wanywaji wana mirija, hawana midomo.
Wanawake waliocheza ni kiuno kimoja tu,
mstari uliotetemeka ukaendelea.
Mvua ya saa kumi kaichora ikipanda.
Mimi nami nilikuwa na langu la kumkosoa,
ila usiku, taa ya sola ikififia,
nikaanza kuhesabu.

Tulikuwa watano siku ile ya kumaliza matanga.
Ngobi na Mudhasi kwenye vile vidogo,
mimi na Gabula kati,
Kisambira peke yake kwenye vikubwa vinavyonguruma,
kwa kuwa aliyekaa ubavuni pake miaka yote
ndiye tuliyekuwa tunamlilia.

Watano. Mikono kumi.
Nimehesabu kwa njiti ya kiberiti, toka kushoto, toka kulia.
Kumi na miwili.

Miwili ya mwisho haina mwili.
Inatoka ukingoni, minene, kiwiko kimoja kimepinda
kama kilivyopinda cha Tibenkana
tangu aanguke na baiskeli ya matoke.
Inapiga kipande ambacho siku ile
hakuna aliyekigusa,
nami, sijui nimwambie nani,
nilikisikia.

Kulipokucha nikamkuta anaosha unyoya.
Hii mikono, nikasema.
Unyoya ulichoka, akajibu, wino ukamwagika tu.
Hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa bado na rangi,
ileile iliyogongwa kwenye cheti cha baba yake,
na aliyekigonga, ofisi ina karani mmoja, ni yeye.

Sikubisha. Nikamshikia beseni.
Maji yakateremka uani, zambarau,
yakizunguka kuku, yakizunguka kinu,
yakaingia kwenye shimo
ambalo hadi leo hakuna aliyesema tulifukie.