Ziwa la Shaba

Ilitoka kwenye chekeche la Mcha, siku ya tatu,
baina ya gamba la chaza na kigae cha chungu,
kijani kama birika lililosahaulika uani,
ndogo, haizidi ukucha wa dole gumba.
Tukadhani kishikizo cha kanzu.

Mtaalamu akaisugua kwa kijiti cha mwarobaini,
taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
Upande mmoja, mfalme wa Rumi:
taji la majani, shingo nene, pua imelika.
Jina lake limebakia herufi nne
na hapa Unguja Ukuu hapana aliyeweza kuzitamka.

Upande wa pili ndio uliotugombanisha.
Mnyama kasimama, kichwa kakigeuza nyuma,
na chini ya tumbo lake watoto wawili,
watoto wa watu, uchi, midomo juu.
"Chui," kasema Mcha.
"Ngawa huyo," kasema Pandu.
"Mbwa mwitu jike," kasema mtaalamu,
na sheha akapandisha msuli, akarudi nyuma hatua mbili:
Mbwa? Na mdomo wa mtoto?
Hiyo ioshwe mara saba, na moja kwa udongo!

Bi Mize alikuwa anatua sufuria la muhogo wetu.
"Udongo?" kasema. "Sheha,
imelala udongoni tangu babu yako hajazaliwa
wala babu wa babu yake. Nipe."

Hakutafuta miwani. Aliipapasa
kwa kidole kilichonata tui.
"Hatazami nyuma kwa hofu huyu," kasema.
"Anawahesabu."

Mimi na Mcha tukaangaliana, tukainamisha vichwa.
Mama yetu alifia njiani, kabla ya kufika Makunduchi,
na usiku uleule tukaletwa kwa Bi Mize ndani ya kanga moja.
Huku Mcha, huku mimi.
Binti yake, Time, akapata kilichobaki.
Time, aliyeolewa Bambi mwaka juzi.
Nilibeba makochi ya harusi yake mpaka garini,
ndugu wa ziwa, nikicheka na wenzangu.
Sijamwambia mtu mengine.

"Ilinunua nini, hii?" akauliza Bi Mize.
"Mkate," mtaalamu akajibu. "Pengine nusu mkate."
"Basi haikukaa kwa wafalme. Hii ilifungwa pembeni mwa nguo,
ikafunguliwa sokoni, ikafungwa tena.
Ndiyo maana mgongo wa mnyama umelainika hivi.
Wameupapasa wengi wenye njaa."

Ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, namba mia mbili na kumi na nne.
Mtaalamu akaandika: shaba nyeusi, imechakaa.
Kuhusu tui hakuandika.
Tukala muhogo ungali wa moto.
Mcha akarudi kwenye chekeche lake,
akilitikisa polepole mno,
kama kwamba humo mchangani mna mtu analala.