Dede

Saa tisa usiku, zizi la Bi Alderson, bonde la Swaledale,
mvua ya Machi inagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Mkono wangu umezama hadi kiwiko ndani ya kondoo
ninayemjua kwa namba tu: mia nne na kumi na saba.
Nashika kwato mbili, kisha pua. Akisukuma, navuta,
na kitu cheusi, chenye utelezi, kinadondoka kwenye nyasi kavu
na kupiga chafya.

Naangalia saa. Ni mazoea mabaya niliyoyapata mwaka huu.
Dakika ya tano, kichwa kinainuka.
Ya tisa, anapiga magoti, anaanguka.
Ya kumi na nne, miguu ya nyuma kwanza, matako juu,
kama mtu anayetafuta sarafu uvunguni.
Ya kumi na saba, amesimama.
Ya ishirini na mbili ananyonya dang'a, mkia unacheza,
na kondo la nyuma bado linaning'inia kwa mama yake.

Kondo, kondoo. Irabu moja tu imeongezeka.
Nilikuwa na ndevu kabla sijaliona hilo.

Nyumbani, Sikudhani ana miezi kumi na minne.
Anakaa. Anakaa vizuri mno, kama hakimu.
Ukimwinua, magoti yanakataa,
anarudi chini polepole, bila kinyongo.
Nesi wa watoto, Bi Thwaite, huja Alhamisi na kile kitabu chekundu
chenye mistari inayopanda kama vilima vya huku.
Nukta ya binti yangu anaiweka chini ya mstari wa chini kabisa,
anafunika kalamu, anasema kwa upole,
"Tutaendelea kumtazama."
Kana kwamba sisi tunafanya kingine.

Mama anapiga simu kutoka Muheza.
"Hajasimama dede?"
Bado.
"Na jino? Lilianza juu au chini?"
Chini, mama. Si kigego.
Nikamweleza kwamba kondoo hana meno ya mbele ya juu,
hana mpaka kufa, hivyo katika ukoo wao kigego hajawahi kuzaliwa.
Akanyamaza, vocha inateketea.
"Mwanangu, nani amekuuliza habari za kondoo?"

Mei, yule mweusi anaruka juu ya mawe ya ukuta uliobomoka.
Julai anaachishwa ziwa. Mama yake analia siku mbili,
ya tatu anainamisha shingo, anakula.
Septemba Bi Alderson anambonyeza mgongo kwa vidole vitatu,
anatafuta mfupa, haupati kwa urahisi.
"Huyu tayari," anasema,
neno ambalo kwetu tunaliambia wali.
Lori lina ubao wa kupandia. Wengine walisukumwa.
Yeye alipanda mwenyewe, miguu minne imara,
ile ile niliyoihesabia dakika.
Kilo arobaini na moja. Miezi sita. Basi.

Nikarudi kwa miguu, viatu vizito kwa matope.
Jikoni, Sikudhani amekaa sakafuni
anapanga vifuniko vya chupa za maziwa: bluu, kijani, bluu.
Akanusa suruali yangu, akaikamata,
akavuta. Magoti yakanyooka nusu.
Pale katikati akasita, akatazama dirisha,
akafikiri jambo ambalo hakunieleza,
akakaa tena, puu, akaendelea na vifuniko vyake.

Sikuangalia saa.
Kaa, mama, nikamwambia. Kaa utakavyo.
Hakuna aliyekuja kukubonyeza mgongo.

Alhamisi nitamwambia Bi Thwaite: nusu.
Atafungua kitabu, atatafuta kisanduku cha nusu,
hatakiona.
Itabidi aandike pembeni, kwa penseli.