Panga la Pili

Mashine ilishuka Wete ndani ya makasha manne.
Tulikuwa tumezoea ile ndogo, filamu yake
nyembamba kama utepe wa kufungia nywele.
Hii ilitaka upana wa vidole vinne,
matundu matano kwa kila picha, kulia na kushoto,
na rili moja nikiibeba
mgongo unaniuliza mshahara wangu kiasi gani.

Kitabu chake kilikuwa cha Kijerumani.
Fundi Shaame Mbarouk alizungumza na michoro tu.
Akailaza kiganjani ile gia ya mifereji minne,
akaisukuma kwa pini: robo mzunguko, ikakaa.
"Huyu jina lake Mvivu.
Robo anafanya kazi, robo tatu amepumzika.
Lakini akikosea unywele mmoja
mji mzima utaona watu wanatetemeka kama wana homa."

Nikauliza, kwani filamu haiteremki tu
kama maji ya mfereji?
Alicheka hadi akaweka tupa chini.
"Ikiteremka tu utaona mvua, Hidaya.
Ili uone farasi anakimbia, farasi lazima asimame.
Mara ishirini na nne kwa sekunde asimame,
akisimama tummulike,
akiondoka tuzime."

Ndiyo maana tuliacha kitanzi juu ya mlango wa taa
na kingine chini yake,
filamu iliyolegea, yenye nafasi ya kupumua:
rili haijui kusimama,
Mvivu hajui kwenda bila kusimama,
na wangekutana hao bila msuluhishi
wangekatana vipande.

Skrini ilikuwa marekani, mapande kumi na manne,
cherehani ya Bi Zuwena wa Jadida.

Usiku wa kwanza, msimu, pesa za karafuu zimo mifukoni,
watu wamekaa mpaka kwenye ngazi.
Nikavigusanisha vijiti vya makaa, nikaviachanisha,
vikakohoa, vikawaka.
Picha ikatoka pana kama ua wa skuli
na ikapepesa.
Ikapepesa, ikapepesa, jicho lililoingiwa na mchanga.
Mtoto mmoja akatapika.
Kutoka viti vya nyuma: "Nirejesheeni pesa yangu!"

Asubuhi tukafungua kipazia, kile kinachozunguka mbele ya taa
kama feni.
Panga moja tu. La pili lilivunjikia safarini,
limeacha kishina na riveti mbili.
Hili lililobaki lilikuwa likiziba filamu inapovutwa,
na kazi yake lilikuwa likiifanya.
Sasa la pili la nini?

"La kuziba picha ikiwa imesimama."

Nikadhani joto la taa limempanda kichwani.
Picha imetulia, nzuri, mwanga uko juu yake,
halafu uizibe?

"Giza moja jicho hulihesabu," akasema.
"Yakiwa mawili, jicho hupotewa na hesabu."

Akakata debe la mafuta ya nazi.
Tukaenda nalo dukani kwa Hamad Kheri,
panga la zamani upande huu wa mizani, jipya upande ule,
akilikwangua kwa tupa, akipuliza vumbi,
mpaka mikono ya mizani ikalala sawa.
Tukalipaka masizi ya chemli.

Usiku wa pili hakuna aliyekohoa.
Wakati wa kutoka bwana mmoja alinishika mkono:
"Leo taa mmeiongeza!
Tumeona hata jasho la farasi."
Nikaitikia ndiyo.
Ningemwambiaje kwamba theluthi ya mwanga wa jana
imemezwa na debe?

Nimepiga hesabu baadaye, mara nyingi, usingizi ukinikataa.
Filamu ya saa mbili, saa nzima ni giza tupu,
na wameilipia tiketi kamili,
na hiyo hakuna aliyekuja kuidai.

Fundi Shaame tulimzika Utaani.
Panga ninalo mimi, juu ya kabati la vyombo.
Masizi yamebanduka upande mmoja.
Ukiligeuza kwenye dirisha
utasoma: NAZI SAFI, na nusu ya kilo.